Kabla Hujanunua Kontroli Boksi: Namna ya Kupima Kompyuta ya Injini Hatua kwa Hatua

Maswali ya madereva na ya vijana wanaoanza ufundi umeme hapa Mtwara yanafanana kila mara. Taa ya injini imewaka, gari inamisi, au imegoma kabisa kuwaka, na kuna mtu ameshatamka kwamba kontroli boksi imekufa. Je, ninunue nyingine? Jibu langu ni usinunue bado. Kontroli boksi ni kitu cha mwisho kushukiwa, na nyingi zinazohukumiwa hazina kosa lolote. Kosa liko kwenye betri, kwenye ethi (waya wa hasi unaoungana na bodi au injini), kwenye waya uliotafunwa na panya, au kwenye sensa ya bei ndogo.

Huku kusini kosa hilo linauma zaidi. Spea nyingi za umeme zinaagizwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara mjini. Ukituma hela, ukasubiri basi, ukafunga boksi lililokuja, kisha gari ikabaki vilevile, hakuna duka linalorudisha hela ya kifaa cha umeme kilichokwisha kufungwa. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, usiruke hata moja.

Vitu vya kuwa navyo

- Multimita ya kidijitali. Ya bei ya kawaida inatosha, mradi nyaya zake ni nzima na betri yake haijachoka.
- Mashine ya kusomea kodi (namba za hitilafu zinazohifadhiwa na kompyuta ya injini), au ile ndogo ya kuunganisha na simu kwa bluutuuthi.
- Spana namba 10, bisibisi, tochi.
- Dawa ya kupuliza ya kusafishia soketi za umeme, brashi ya meno iliyokwisha kutumika, na msasa laini.
- Kipande cha waya mwembamba.
- Taa ndogo ya LED iliyounganishwa na rezista ya omu 1,000, ya kupimia noseli (zinazopuliza mafuta) na koili (zinazotoa moto wa plagi).
- Daftari na kalamu. Kila namba utakayoisoma iandike. Simu yenye kamera nayo ni msaada mkubwa unapochomoa soketi nyingi.

Kama gari yako ni Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ, pampu yake ni ya kimakanika na haingoji amri ya kompyuta, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu haikuhusu. Kama ni dizeli ya kisasa ya komoni reli, hatua za umeme zinakuhusu, lakini usiguse nyaya za noseli wala mabomba yake ya mafuta injini ikiwa inaunguruma. Umeme wa noseli zile ni mkali kuliko wa betri, na presha ya mafuta yake inapenya ngozi.

Kazi ya boksi, kwa ufupi

Kontroli boksi inapokea taarifa kutoka kwa sensa, inapiga hesabu, inatoa amri. Sensa ya krenki inaiambia injini inazunguka kwa kasi gani na pistoni ziko wapi. Sensa ya hewa inapima hewa inayoingia. Sensa ya joto la maji inasema injini ni ya baridi au ya moto. Sensa ya throto inaonyesha umekanyaga mafuta kiasi gani, na sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi inaonyesha kama petroli iliyochomwa ilizidi au ilipungua. Lengo la boksi ni kuchanganya takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya petroli. Ndiyo inayoamua noseli ifunguke kwa muda gani, koili irushe moto saa ngapi, feni iwake lini, na pampu ya mafuta ipate umeme au isipate.

Shika mambo mawili. Boksi inahitaji umeme safi wa betri na ethi nzuri ili ifikiri vizuri. Halafu yenyewe inatoa umeme wa volti 5 kwenda kwa sensa kadhaa, na mara nyingi sensa hizo zinagawana waya mmoja. Sehemu kubwa ya kazi yetu ni kupima hayo mawili.

Maonyo kabla ya kugusa kitu

Usichomoe betri injini ikiwa inaunguruma, eti kupima kama alteneta inachaji. Umeme wa alteneta ukikosa betri ya kuutuliza unaruka juu ghafla, na ruko hilo linaweza kuua boksi papo hapo.

Usichomeleze bodi kabla ya kutoa teminali zote mbili za betri. Gari zinazobeba mizigo vijijini huchomelezwa chasisi na keria mara kwa mara, na mchomeleaji hana habari na kompyuta. Wewe mwenye gari ndiye wa kumkumbusha.

Unapobusti (kuwasha gari kwa betri ya gari nyingine), hakiki chanya na hasi mara mbili. Kugeuza nyaya kwa sekunde moja kunatosha kuharibu.

Usichomoe wala kuchomeka soketi ya kontroli boksi betri ikiwa imeunganishwa. Na usitumie taa ya balbu ya kawaida kupimia nyaya za sensa. Balbu inavuta umeme mwingi kuliko uwezo wa saketi zile. Tumia multimita.

Hatua ya 1: Chunguza lilitokea nini kabla ya tatizo

Jiulize, au muulize dereva: tatizo lilianza baada ya nini? Gari ilioshwa injini kwa pampu ya presha? Ilifungwa redio mpya au alamu? Ilipita kwenye maji? Ilibustiwa? Ilikaa muda mrefu bila kuwashwa? Ilikuwa inabeba nini?

Hilo la mwisho watu wanalidharau, na kwetu lina uzito. Gari iliyobeba chumvi kutoka mashamba ya chumvi ya pwani ya Lindi na Mtwara ina chumvi kwenye kila soketi iliyo chini. Gari iliyoegeshwa karibu na ghala la korosho ina panya. Msimu ukianza Oktoba, gari zilizolala miezi kadhaa zinaamshwa kwa pamoja ili zikabebe mizigo, na hapo ndipo nyaya zilizotafunwa zinapojulikana. Jibu la swali hili linaweza kukuokolea nusu siku.

Hatua ya 2: Washa swichi bila kupiga stata, tazama dashibodi

Taa ya injini, ile yenye umbo la injini, inatakiwa iwake ukifungua swichi na izime baada ya injini kuwaka.

Ikiwaka, basi kwa kawaida boksi ina umeme na iko hai kiasi cha kuweza kuwasha taa. Isipowaka kabisa, kuna mambo matatu: balbu imeungua au imetolewa, boksi haipati umeme, au boksi yenyewe imekufa. Kwenye gari za mtumba chunguza hilo la kwanza kwa makini, kwa sababu wapo wanaotoa balbu ili mnunuzi asione.

Sikiliza pia pampu ya mafuta. Gari nyingi hutoa mlio wa sekunde mbili hivi ukifungua swichi, ingawa Toyota nyingi hazitoi mlio huo mpaka upige stata. Usihukumu kwa mlio peke yake.

Hatua ya 3: Pima betri na chaji

Weka mita kwenye volti za DC. Gari ikiwa imezimwa na imepumzika, betri nzima iliyojaa inasoma karibu 12.6. Ikisoma chini ya 12.2, ichaji kwanza kabla ya kuendelea. Mwambie mwenzako apige stata huku unatazama: isishuke chini ya 9.6 hivi. Ikishuka hadi 8, boksi inaweza kujizima katikati ya kupiga stata, na utadhani imekufa.

Injini ikiwaka, soma tena kwenye teminali za betri. Inatakiwa kati ya 13.5 na 14.5. Ikizidi 15, simamisha kila kitu utengeneze alteneta, kwa kuwa chaji ya namna hiyo inapika boksi taratibu.

Geuza mita ipime volti za AC (umeme geu, siyo kiyoyozi) injini ikiwa inaunguruma. Ukiona inakaribia nusu volti au zaidi, daiodi za alteneta zina hitilafu, na umeme mchafu unaingia kwenye sensa. Gari ya namna hii inaonyesha kodi za ajabu ajabu zisizohusiana.

Hatua ya 4: Fyuzi na rilei

Tafuta fyuzi zilizoandikwa EFI, ECU-B, ECU-IG na IGN. Usizitazame kwa macho tu. Pima kwa mita pande zote mbili za kila fyuzi, swichi ikiwa imefunguliwa. Fyuzi yenye ufa mwembamba inaonekana nzima kwa macho.

Kwenye Toyota, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) iliyoandikwa EFI au EFI MAIN ndiyo inayoipa boksi umeme mkubwa. Mara nyingi kuna rilei nyingine inayofanana nayo kwa namba na kwa miguu, kama ya honi. Zibadilishane nafasi kwa muda. Gari ikiwaka, umemaliza kazi kwa bei ya rilei moja.

Hatua ya 5: Ethi

Hatua hii ndiyo inayoleta majibu mengi huku pwani, na ndiyo inayorukwa na wengi. Hewa ya chumvi inakula kiungo kati ya waya na bodi. Kwa juu unaona boliti imekazwa vizuri, kumbe chini yake kuna ungaunga mweupe au wa kijani.

Washa injini, washa taa kubwa na feni ya AC. Mita iwe kwenye volti za DC. Waya mmoja uweke kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye chuma cha injini. Isome chini ya 0.1. Kisha uhamishe waya wa pili kwenye bodi ya gari, kisha kwenye waya wa ethi wa kontroli boksi. Popote utakaposoma zaidi ya 0.2, ethi ya hapo ina tatizo. Fungua boliti, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza, halafu paka grisi kidogo kwa juu ili chumvi isirudi.

Nyaya za ethi za boksi kwenye Toyota nyingi hufungwa juu ya injini, kwenye boliti za manifoldi ya kuingiza hewa. Ukikuta kuna fundi alishafungua injini, angalia kama alizirudisha. Waya wa ethi ulioachwa ukining'inia nyuma ya injini nimeukuta zaidi ya mara moja, na kila mara gari ilikuwa imeshatafutiwa boksi jingine.

Hatua ya 6: Soma kodi

Soketi ya kupimia iko chini ya dashibodi upande wa dereva, ina matundu 16. Kabla ya kulaumu mashine, pima tundu namba 16: liwe na volti za betri muda wote. Matundu namba 4 na 5 ni ethi. Kama namba 16 haina umeme, fyuzi yake imekatika, na mara nyingi ni ileile ya kiberiti cha sigara au ya taa za ndani.

Sasa swali linaloulizwa kuliko yote: "Mashine yangu haishikani na gari, je boksi imekufa?" Siyo lazima. Toyota nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina soketi ya matundu 16 lakini zinazungumza kwa namna yake, na mashine za bei nafuu hazielewani nazo. Jaribu mashine hiyohiyo kwenye gari mpya zaidi. Ikifanya kazi huko, tafuta mashine inayozijua Toyota za Japani.

Ipo pia njia ya bure kwa Toyota nyingi za umri huo. Zima swichi. Kwa kipande cha waya, unganisha tundu namba 4 na namba 13. Hesabu kwa makini, maana ukigusa namba 16 kwa ethi utaunguza fyuzi. Fungua swichi bila kupiga stata, kisha uhesabu mipepeso ya taa ya injini. Ikipepesa haraka haraka bila kukoma kwa mwendo mmoja, hakuna kodi. Ikipepesa mara mbili, ikapumzika, ikapepesa mara mbili, hiyo ni kodi 22, sensa ya joto la maji. Kodi 41 ni sensa ya throto, 31 ni sensa ya hewa, 21 ni sensa ya oksijeni. Kwenye Toyota za zamani zaidi, matundu ni TE1 na E1, kwenye kiboksi kidogo chini ya boneti.

Andika kodi zote kabla ya kufuta chochote. Mtu akifuta kwanza ndipo asome, amepoteza ushahidi wote. Ukishaandika, futa, endesha gari kidogo, usome tena. Zile zinazorudi ndizo za kufuata.

Kodi zinazomnyooshea kidole boksi mwenyewe ni chache: P0601, P0604, P0605 na P0606 zinahusu kumbukumbu na kichakataji cha ndani. P0641 inahusu ule umeme wa volti 5. U0100 inasema kompyuta nyingine za gari hazimsikii boksi wa injini. Hata hizi zinaweza kuletwa na betri dhaifu au ethi mbovu, ndiyo maana hatua ya 3 na ya 5 zilitangulia.

Kodi kama P0171, P0301, P0335, P0340 au P0420 zinataja mahali pa kupima, hazikupi jina la kifaa cha kununua. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Inaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, sensa ya hewa yenye vumbi, chujio la petroli lililoziba, au pampu iliyochoka.

Hatua ya 7: Pima volti 5

Chomoa soketi ya sensa yenye nyaya tatu, kwa mfano ya throto. Zima swichi unapochomoa, kisha ifungue. Pima kila tundu la soketi kwa kulinganisha na hasi ya betri. Tundu moja linatakiwa lisome karibu volti 5. Ukipata kati ya 4.8 na 5.2, umeme wa sensa upo.

Ukipata sifuri au volti kidogo, usikimbilie dukani. Acha mita hapo hapo, chomoa sensa nyingine moja baada ya nyingine. Umeme ukirudi ghafla ulipochomoa sensa fulani, hiyo ndiyo iliyokuwa inaangusha wenzake wote.

Usiporudi hata baada ya kuzichomoa zote, amebaki waya au boksi. Toa betri, chomoa soketi ya boksi, toa pini ya waya ule wa volti 5 kwenye soketi, ukunje kando. Rudisha soketi, rudisha betri, fungua swichi, pima mguu ule wa boksi moja kwa moja. Ukisoma 5, boksi ni mzima na waya ndio unaogusa bodi mahali fulani. Ukisoma sifuri, huku umeme na ethi za boksi umezihakiki, hapo sasa una ushahidi dhidi ya boksi.

Gari moja ndogo ililetwa kutoka Newala ikiwa imevutwa, mwenyewe tayari amekusanya hela ya kontroli boksi. Mita ilisoma 0.3 kwenye soketi ya throto, na kuchomoa sensa hakukubadilisha kitu. Nilipotoa pini, mguu wa boksi ukasoma 5.01. Tulifuata waya kwa kidole kutoka kwenye boksi kuelekea injini mpaka nyuma ya brakti ya kichwa cha injini, ambako tepu ilikuwa imelika kwa mtikisiko na shaba ya waya inang'aa kama imesuguliwa kwa makusudi. Barabara za vumbi za uwanda wa Makonde zinatikisa sana. Tepu, bomba la plastiki la kulinda waya, na kamba ya kufungia ndivyo vilivyomaliza kazi.

Hatua ya 8: Soketi na nyaya

Fuata nyaya zote kwa macho na kwa vidole. Tafuta alama za meno, tepu mpya iliyofungwa kienyeji, waya uliolalia sailensa, waya uliokatwa kuunga alamu. Tikisa nyaya injini ikiwa inaunguruma. Ikimisi au kuzima ulipogusa mahali fulani, umepata.

Soketi zenye kutu ya kijani zipulizie dawa, zisugue kwa brashi, zikauke kabisa. Usichokoe matundu kwa bisibisi au pini nene. Tundu likitanuka halishiki tena, na utakuwa umejiongezea tatizo la kukatika kwa umeme mara kwa mara, ambalo ni gumu kuliko lile la mwanzo.

Hatua ya 9: Mtazame boksi mwenyewe

Kwenye Toyota ndogo nyingi boksi yuko nyuma ya kile kiboksi cha kuwekea vitu upande wa abiria. Toa betri kwanza, subiri dakika chache, chomoa soketi, mtoe.

Kabla ya kumfungua, shika zulia la upande huo. Kama lina majimaji, angalia bomba la kutolea maji ya AC. Linaziba kwa matope na buibui, maji yanageukia ndani, yanafuata nyaya mpaka kwenye boksi. Ukifunga boksi mpya bila kuzibua bomba hilo, naye atakufa.

Fungua boksi. Tafuta harufu ya kuungua, madoa meusi, kutu ya kijani kwenye miguu, kapasita zilizovimba au kuvuja. Gari za Mitsubishi za miaka ya 1990 zinajulikana kwa kapasita kuvuja. Kapasita inabadilishwa na fundi wa elektroniki mwenye mkono mzuri wa lehemu, na boksi hurudi kazini. Boksi likiwa safi ndani, hilo peke yake halithibitishi kwamba ni zima.

Hatua ya 10: Hukumu

Sema boksi limekufa ikiwa tu umeme wake na ethi zake ni nzuri, nyaya zimepimwa, na mojawapo ya haya lipo: halitoi volti 5 hata likitengwa na nyaya, halishikani na mashine inayoijua gari hiyo na papo hapo taa ya injini haiwaki, au linakataa kutoa amri kwa noseli au koili moja wakati waya wake ni mzima mwanzo hadi mwisho. Hilo la mwisho lipime kwa kile kitaa cha LED kwenye soketi ya noseli, mwenzako akipiga stata: kinatakiwa kipepese.

Kama umefika kununua

Namba iliyoandikwa kwenye boksi ifanane yote, mpaka tarakimu za mwisho. Kwa Toyota huanza na 89661. Boksi la Toyota IST la gia otomatiki na la gia za mkono hayafanani, na muuzaji akikwambia yanaingiliana, mwombe akusubirie hela mpaka gari iwake.

Kama gari ina imobilaiza (kinga ya wizi inayoutambua ufunguo), boksi la mtumba halitakubali ufunguo wako mpaka lisajiliwe. Agiza boksi pamoja na funguo na kijisanduku cha imobilaiza cha gari hiyohiyo lilikotoka, au uwe na uhakika kwamba yupo fundi wa kulisajili kabla hujatuma hela. Ukishafunga, acha injini iungurume bila kukanyaga mafuta mpaka ipate joto, kisha endesha taratibu. Sailensi (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta) inaweza kucheza siku ya kwanza.

Gari iliyoingia maji

Mvua za mwaka 2024 na Kimbunga Hidaya cha mwezi Mei ziliharibu barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, ikakatika maeneo ya Somanga. Maji yakijaa barabarani, haraka ya safari ndiyo inayoharibu gari. Maji yakifika sakafu ya gari yako, usifungue swichi kujaribu. Toa hasi ya betri kwanza. Toa boksi, lifungue, lioshe kwa maji ya betri yasiyo na asidi, kisha kwa spiriti ya isopropili, ulikaushe kivulini mbele ya feni siku nzima. Kama maji yalikuwa ya bahari, fanya hivyo siku hiyohiyo. Chumvi ikikaukia kwenye bodi ya umeme inaendelea kula hata gari ikiwa imeegeshwa.

Dalili na pa kuanzia

*Gari inapiga stata vizuri lakini haiwaki.* Pima kama kuna moto wa plagi na amri ya noseli. Kama vyote viwili havipo, anza na rilei ya EFI, kisha sensa ya krenki. Kama taa ya ufunguo inapepesa kwenye dashibodi, shida ni imobilaiza. Jaribu ufunguo wa akiba.

*Inamisi, kodi ni P0301.* Hamisha koili ya silinda ya 1 uipeleke ya 2. Kodi ikibadilika kuwa P0302, koili ndiyo mbovu. Isipobadilika, hamisha plagi, kisha pima noseli: za kawaida za petroli husoma karibu omu 12 hadi 16.

*Inazima ikipata moto, ikipoa inawaka.* Mara nyingi ni sensa ya krenki au koili. Boksi pia linaweza kufanya hivyo kwa lehemu iliyopasuka ndani. Lipulizie hewa ya moto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele gari ikiwa imepoa na inaunguruma. Ikizima, una jibu.

*Inakula mafuta, inatoa moshi mweusi, asubuhi ni ngumu kuwaka.* Pima sensa ya joto la maji ikiwa imechomolewa. Kwa Toyota nyingi inasoma kilo-omu 2 hadi 3 kwenye nyuzi 20, na karibu omu 300 kwenye nyuzi 80. Mchana wa Mtwara, injini ikiwa imepoa, tarajia chini kidogo ya kilo-omu 2. Ikisoma vingine kabisa, ibadilishe.

*Feni haizimi hata injini ikiwa ya baridi.* Kwenye gari ambazo feni inaongozwa na boksi, hiyo ni kinga: boksi haliamini taarifa ya joto, linaona afadhali lipoze. Sensa ileile, au waya wake.

*Kodi sita kwa pamoja, hazihusiani.* Rudi hatua ya 3, 5 na 7. Sensa sita haziharibiki usiku mmoja.

*Taa ya injini inapepesa ukiwa safarini.* Kwa gari nyingi hiyo ni misi kali, petroli mbichi inaingia kwenye masega ya sailensa (kisafisha moshi kwenye bomba la moshi) na kuyachoma. Punguza mwendo, usipande mlima kwa nguvu, simama mahali salama uchomoe soketi ya noseli ya silinda inayomisi kama unaijua. Kama uko katikati ya Nangurukuru na Somanga na huijui, nenda polepole bila kukanyaga sana mafuta mpaka ufike penye fundi.

*Umetengeneza kila kitu, taa bado imewaka.* Futa kodi kwa mashine, au toa hasi ya betri kwa dakika 15. Ikirudi na kodi ileile, kazi haijaisha. Ikirudi na kodi nyingine, iandike na uanze tena hatua ya 6.